Lancaster House 1963: yaliyozungumzwa na yaliyoachwa

Mtoto wa Gando

Asalaam alaykum wanabaraza.

Kila ikikaribia Disemba humu ndani hurudi ugomvi ule ule: uhuru wa Zanzibar ni wa tarehe 10 Disemba 1963, au nchi ilikombolewa kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964? Kila mwaka huishia watu kutukanana mpaka uzi unafungwa. Leo naomba huo tuuweke kando. Nataka tuyaangalie mazungumzo yenyewe ya uhuru, yaliyofanyika Lancaster House, London, Septemba 1963. Nani alikwenda, alikwenda kudai nini, alirudi na nini, na lipi hakuna aliyelitaka lizungumzwe.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asije mtu akaniuliza niko upande gani. Naona mkutano ule ulifanikiwa sana katika yale ambayo Muingereza mwenyewe alikuwa na haja nayo, yaani kulimaliza suala la Mwambao wa Kenya na kupata tarehe ya kuondoka. Yaliyotuhusu sisi wenyewe kwa wenyewe yaliachwa kama yalivyo: serikali ina viti vingi lakini kura chache, na silaha ziko mikononi mwa nani. Hayo yakaja kujibiwa na Mapinduzi, mwezi mmoja baada ya uhuru, na sote tunajua yalijibiwa vipi.

Kwa wadogo zetu ambao skuli hawakusomeshwa haya, nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1886 Muingereza na Mjarumani walikaa wakampimia Sultani pwani yake, maili kumi kutoka bahari kwenda ndani. Mwaka 1890 wakakaa tena: Mjarumani akachukua kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini, Muingereza akaiweka Unguja na Pemba chini ya himaya yake. Pwani ya Tanganyika Sultani akaiachia moja kwa moja kwa marki milioni 4. Ile ya kaskazini, kuanzia Vanga hadi Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, ilibaki kuwa yake kwa jina, na Disemba 1895 akampa Muingereza aiendeshe kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Ndiyo maana mpaka 1963 Mombasa ilikuwa ikitawaliwa kutoka Nairobi huku bendera nyekundu ya Sultani ikipepea pale Fort Jesus.

Halafu zikaja zama za siasa. Julai 1957 uchaguzi wa kwanza, viti 6 tu vya kuchaguliwa, Hizbu, yaani chama cha ZNP, hawakuambulia hata kimoja. Kiongozi wao Ali Muhsin mwenyewe aliangushwa na Mzee Karume wa ASP (Afro-Shirazi) katika jimbo la Ng'ambo, mjini Unguja. Januari 1961, viti 22: ASP 10, ZNP 9, ZPPP, chama cha Mohammed Shamte, 3. Watatu hao wakagawika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Juni mwaka huo huo wakarudia, viti 23: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii ZPPP na Hizbu walishikana pamoja na serikali ikapatikana chini ya Shamte, lakini fujo za siku ile ziliua watu 68, wengi wao Waarabu wa mashamba. Julai 1963, viti 31: ASP 13, ZNP 12, ZPPP 6. Piga hesabu, 18 kwa 13. Lakini kura, asilimia 54 zilikuwa za ASP.

Huo ndio mzigo waliopanda nao ndege kwenda London Septemba ile. Karibuni. Matusi sitaki, wallahi nitaomba uzi ufungwe mwenyewe.

Ng'ambo Juu

Sheikh, hoja yako umeimaliza kwenye mstari wako wa mwisho. Asilimia 54. Mwenye kura nyingi anakaa upinzani, mwenye kura chache anakabidhiwa nchi, halafu anaambiwa asherehekee. Muingereza alikuwa na hesabu zote hizo kwenye faili lake na bado akasema haya, tarehe 10 Disemba, kwaherini.

Mimi babu yangu alikuwa mwanachama wa ASP tangu chama kinazaliwa 1957, na alikuwa akisema siku zote: sisi hatukushindwa, tulipangiwa majimbo.

Bi Shangani

Ng'ambo Juu, ndugu yangu, babu yako namheshimu, lakini hilo la kupangiwa majimbo linarahisishwa sana humu.

Mfumo ulikuwa wa jimbo moja mbunge mmoja, kama Waingereza kwao. Na kwao pia yametokea: 1951 chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko Conservative, na aliyeunda serikali ni Churchill. Hakuna aliyeingia barabarani. Kilichotokea hapa ni kwamba ASP ilikuwa ikishinda Ng'ambo na mashamba ya Unguja kwa kura za kumwaga. Ukishinda jimbo kwa kura elfu tatu au kwa kura moja, kiti ni kile kile. Wenzao Hizbu na ZPPP waligawana majimbo kwa makubaliano, huyu hasimami pale anaposimama yule, wakashinda kidogo kidogo lakini pengi. Pemba peke yake ilikuwa na viti 14, ASP wakapata 2 tu, na wakati huo huo kura zao kule si za kudharau hata kidogo.

Huo ulikuwa ujuzi wa siasa, na hila za Muingereza hazikuhitajika.

Ng'ambo Juu

Bi mkubwa, nakubali hesabu. Lakini Labour na Conservative walikuwa wanagombania kodi na hospitali. Labour aliposhindwa hakudhani kuwa sasa ndiyo basi, nchi imekwenda kwa watu wengine na hairudi tena. Hapa mtu wa Ng'ambo au wa shamba alikuwa akiona hivyo hasa. Wewe unampelekea mfumo ambao mshindi anachukua chote, katika nchi ambayo watu hawaaminiani hata kununua mkate duka moja, na ninasema hilo kwa sababu lilitokea kweli, watu walisusiana maduka, wakasusiana mabasi, wakasusiana hata maziko. Tulikuwa na haja ya mfumo mwengine na hakuna aliyeuleta.

Sheikh wa Kahawa

Nimekuja kusoma tu. Kahawa yangu hii hapa, endeleeni. Ila hilo la kususiana maziko ni kweli tupu, mpaka leo kuna nyumba mbili mtaani kwetu hazizikani na walio hai hawajui sababu.

Chake Mjini

Bi Shangani umesema kura moja kama mfano, lakini kwetu Chake haikuwa mfano. Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na ASP kwa kura moja. Moja! Na ndiyo iliyofanya hesabu ya nchi nzima kukwama. Laiti ingekuwa upande wa pili, Hizbu wangekuwa 10 na ASP 9, na ile mizani ya 11 kwa 11 isingekuwepo.

Bibi yangu mzaa mama alipiga kura siku ile. Ndiyo mwaka ambao wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa akihadithia walivyopanga foleni tangu jua halijatoka, buibui kwa buibui, wengine na watoto mgongoni, na mwenye njaa haondoki kwa kuogopa nafasi yake kuchukuliwa. Mwanamke mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi pale pale kwenye foleni na akakataa kupelekwa mpaka apige kura. Matokeo yalipotoka, kila mwana ASP wa Chake akawa anadai kwamba kura ile moja ni yake. Bibi naye alikuwa akidai ni yake, na ilhali nyumba nzima tunajua alikuwa mtu wa jogoo, alama ya Hizbu 😂

Sheikh wa Kahawa

Jogoo kavaa buibui 😂😂

Mtoto wa Gando

Tusicheke tukasahau njia. Nataka turudi London, lakini si 1963 kwanza, turudi 1962, maana mkutano wa mwanzo pale Lancaster House ulikuwa Machi na Aprili 1962 na ndio uliovunjika.

Serikali ya Shamte ilikwenda ikitaka tarehe ya uhuru, na haraka. ASP walikwenda wakisema kwanza uchaguzi na viti viongezwe, uhuru uje baadaye, maana hawaitambui serikali iliyopatikana kwa Juni 1961 kuwa ndiyo ya kukabidhiwa nchi. Waziri wa Makoloni, Reginald Maudling, akakaa nao wiki kadhaa na mwisho akafunga mafaili. Hakuna tarehe, hakuna mapatano.

Sasa angalia kilichofuata. Juni 24, 1963 tukapewa serikali ya ndani. Julai uchaguzi ukafanyika, na viti vikaongezwa hadi 31. Yaani ASP walipata karibu yote waliyoyadai 1962, uchaguzi kabla ya uhuru na viti zaidi, halafu wakashindwa viti katika uchaguzi ule ule walioudai. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Septemba wanarudi London hawana tena cha kudai. Utasema nini? Uchaguzi ufanywe tena? Duncan Sandys, aliyekuwa ameshika nafasi ya Maudling, hakuhitaji hata wiki nzima nzima ya kubishana nao.

Na jambo jengine ambalo watu wa Unguja hulisahau. Shamte hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mshirazi wa Pemba. Kila nikisoma kwamba uhuru wa Disemba ulikuwa "uhuru wa Waarabu" nabaki kujiuliza wale Wapemba waliompigia kura walikuwa wakina nani.

Makunduchi Kae

Maalim, hapo umegusa. Lakini mimi nataka kuingia kwenye ile sehemu ya pili ya hoja yako, ya silaha, maana ndiyo inayorukwa.

Zanzibar ya Disemba 1963 haikuwa na jeshi. Ilikuwa na polisi tu. Na polisi yenyewe maofisa wakubwa walikuwa Waingereza, askari wa chini wengi walikuwa wenye asili ya bara, Tanganyika, Kenya na Nyasaland (Malawi ya leo). Fujo za Juni 1961 zilipozidi nguvu, waliletwa askari wa KAR, jeshi la Muingereza la Afrika Mashariki, kutoka Kenya kuja kutuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa bima ya serikali: mambo yakiharibika, Nairobi itapigiwa simu.

Sasa bima hiyo ilikuwa inakwisha lini? Tarehe 12 Disemba 1963 Kenya nayo inapata uhuru. Siku mbili baada yetu. Tangu hapo askari wa Kenya ni wa Kenyatta, na Kenyatta hana sababu ya kupeleka watu wake wakafe kwa ajili ya kiti cha Sultani. Mkataba wa ulinzi na Uingereza haukuwepo. Na serikali mpya, badala ya kuwabembeleza wale askari wa bara, ikaanza kuwapunguza, wakarudi mitaani wakiwa na hasira na wakiwa wanayajua maghala ya silaha chumba kwa chumba. Usiku wa Januari 12 palipovamiwa ni kambi za polisi za Ziwani na Mtoni. Haihitaji mtu kuwa jenerali kuelewa kwa nini.

Ukikaa London kujadili katiba, nani atakuwa mrithi wa Sultani na Jaji Mkuu anateuliwa vipi, halafu hujauliza ufunguo wa ghala la Ziwani anao nani, wewe umejadili nini?

Bi Shangani

Makunduchi, hapo tuko pamoja. Naongeza jambo moja la kisheria linalosaidia kueleza kwa nini Muingereza aliondoka kirahisi vile. Sisi hatukuwa koloni. Tulikuwa himaya, na mamlaka ya nchi kwa sheria yalikuwa ya Sultani. Kwa hiyo London haikuona kwamba inaunda nchi mpya; iliona inamaliza ulinzi wake na kumrudishia mwenyewe kitu chake, safari hii akiwa Sultani wa kikatiba na juu yake kuna bunge. Bunge lao likapitisha sheria fupi, Zanzibar Act 1963, basi. Tarehe 16 Disemba tukaingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya.

Na huyo mwenyewe aliyerudishiwa alikuwa ndiyo kwanza ana miezi michache. Sayyid Khalifa alitawala tangu 1911 akafa Oktoba 1960, na huyo hata waliompinga siasa walimpenda. Mwanawe Sayyid Abdullah hakumaliza miaka mitatu. Jamshid akakalia kiti Julai 1, 1963, wiki ile ile watu wako kwenye kampeni. Hakuna chama kilichokuwa na nafasi ya kumzoea, wala yeye kukizoea.

Mzee wa Funguni

Nawasoma wanangu. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli Disemba ile. Tulipewa bendera za karatasi, nyekundu, katikati duara la kijani na karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Mume wa Malkia, Prince Philip, alikuja mwenyewe. Sisi watoto tulifurahia halwa na kutolala usiku.

Nitasema jambo moja. Niliporudi nyumbani kupitia Ng'ambo na mama, mitaa ilikuwa imefunga milango. Taa zinawaka ndani lakini milango imefungwa. Nikamuuliza mama hawa mbona hawakuja, akanivuta mkono akaniambia tembea.

Ng'ambo Juu

Mzee wangu, ahsante. Milango hiyo mmoja ulikuwa wetu.

Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Nimeuona uzi umechelewa lakini siwezi kupita kimya, maana mwenye uzi ameitaja Mwambao kwenye aya moja halafu mkaendelea na Ng'ambo na Pemba kama kawaida yenu.

Kwetu huku mkutano wa London haukuwa historia ya vyama. Ulikuwa ni sisi wenyewe kuhamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwengine. Oktoba 1961 alikuja Sir James Robertson kuchunguza maoni ya watu. Wazee wetu walikwenda mbele yake, kuna waliotaka Mwambao ujitawale wenyewe, kuna waliotaka urudi kwa Zanzibar, kuna waliotaka Kenya moja, na watu wa bara ya pwani, Mijikenda, wengi wao hawakutaka kusikia habari ya Sultani. Robertson akasikiliza wote, akaandika kwamba ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru. Bandari ya Kilindini na reli ya kwenda Uganda havikuwa vitu vya kuachiwa maili kumi za Waswahili.

Mwisho wake ni barua. Mwanzoni mwa Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte walibadilishana barua, na tarehe 8 mkataba ukatiwa saini London. Sultani akaacha haki yake yote juu ya ukanda. Kenyatta akaahidi mambo matano: uhuru wa dini na sheria za Kiislamu, mahakama za Kadhi zibaki, watoto wa Kiislamu wasomeshwe Kiarabu kadiri inavyowezekana, maofisa wa utawala katika sehemu za Waislamu wawe Waislamu kadiri inavyowezekana, na hati za ardhi zilizopo ziheshimiwe.

Swali langu kwenu wa Unguja na Pemba: Shamte alipata nini?

Mtoto wa Gando

Kibokoni ahsante, na hilo ndilo nililotaka mtu wa huko aje alieleze.

Kwa maoni yangu alipata kuondokewa na mgogoro ambao hana nguvu nao. Jiweke mahali pake. Huna jeshi. Bei ya karafuu imeanguka. Nusu ya nchi yako haikutaki. Kenya ina mamilioni ya watu, inapata uhuru wiki moja na wewe, na Muingereza ameshaamua tangu ripoti ya Robertson. Utashikilia Mombasa kwa nini? Alichoweza ni kuomba ahadi kwa ajili ya Waislamu wenzake, na ahadi akapewa kwa maandishi. Nitasema hata hivi: barua ile ndiyo kazi pekee ya mkutano ule iliyoandikwa kwa uangalifu, kila upande unajua umetoa nini na umechukua nini. Laiti Shamte na Karume wangeandikiana barua ya aina hiyo wao kwa wao! Nafasi ngapi serikalini kwa chama kilichopata asilimia 54, polisi waajiriwe vipi, watumishi wa serikali wa asili ya bara watendewe vipi. Sandys angeweza kuwasukuma waandikiane. Kwa Mwambao aliwasukuma, kwa sababu pale palikuwa na bandari.

Ng'ambo Juu

Maalim, hapo sikubaliani. Karume asingeandikiwa barua na Hizbu, na Hizbu wasingetaka. Walishawahi kukaa pamoja, ile Kamati ya Uhuru baada ya mkutano wa Mwanza wa 1958, wazee wa PAFMECA, umoja wa vyama vya kudai uhuru vya Afrika Mashariki na Kati, wakiwaombea suluhu, na ikavunjika mwaka uliofuata. Hawa hawakukosa msuluhishi.

Bi Shangani

Suluhu ilikuja kupatikana kwa watoto wao. Novemba 2009 aliyekaa Ikulu kuzungumza na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, alikuwa Amani Karume, mtoto wa yule yule. Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakasema ndiyo, na katiba ikasema atakayeshika nafasi ya pili anatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Yaani kile anachokililia mwenye uzi, kwamba aliyeshindwa kwa kidogo asitupwe nje, tulikiandika baada ya miaka 47, na wala hatukuhitaji Lancaster House. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani kwa watu wa hapa.

Makunduchi Kae

Na 2015 uchaguzi ukafutwa na serikali hiyo ya umoja ikasita mpaka Disemba 2020. Nakumbusha tu, bi mkubwa, maana umelipita haraka haraka.

Bi Shangani

Sikulipita, ulikuwa zamu yako 🙂

Chake Mjini

Mimi naomba tukizungumza Januari tuwe na adabu kidogo. Humu kuna watu waliopoteza wazee wao wiki ile, na wengine hawajui hata kaburi liko wapi. Si wa upande mmoja wa baraza hili tu.

Ng'ambo Juu

Kweli kabisa. Mimi nikitaja Januari sishangilii maiti ya mtu.

Kibokoni

Nina jambo la mwisho kabla sijarudi kazini, na linahusu ile ile barua ambayo Mtoto wa Gando anaisifu.

Kwanza, mnajua Jamshid alikimbilia wapi? Alipanda meli ya Seyyid Khalifa akaja Mombasa. Serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka. Mji ambao miezi mitatu nyuma ulikuwa bado ni wake kwa sheria. Akageuza kwenda Dar es Salaam na kutoka hapo akapelekwa Uingereza. Hakurudi Zanzibar tena. Alifia Muscat Disemba 2024.

Pili, hizo ahadi tano. Ya Kadhi imesimama, imo katika katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, ingawa kwenye kampeni za katiba ile makanisa yaliipiga vita kweli kweli. Ya maofisa Waislamu na ya Kiarabu zina ule mlango wa nyuma, "kadiri inavyowezekana", na wenye nchi ndio wanaoamua kinachowezekana. Iliyotekelezwa sawa sawa kuliko zote ni ya tano, ya hati za ardhi, na hiyo ndiyo iliyotuumiza. Hati nyingi zilitokana na sheria ya 1908, ambapo aliyekwenda kudai alipata na asiyekwenda ardhi yake ikawa ya serikali. Wengi waliokuwa wakilima ardhi ile, Mijikenda na wengineo, hawakuwa na karatasi wala hawakujua kama kuna karatasi. Kwa hiyo 1963 Shamte na Kenyatta walipokubaliana hati ziheshimiwe, walikubaliana pia kwamba wajukuu wa wale watakuwa maskwota kwenye mashamba waliyozaliwa. Nenda Kilifi, nenda Malindi, ukaone. Vijana wa "Pwani si Kenya" walipoanza kuzunguka na nakala za mikataba ya 1895 na 1963, ukiwauliza shida yao ni nini hawakwambii Sultani. Wanakwambia ardhi.

Kwa hiyo barua iliandikwa kwa uangalifu, naam. Iliandikwa kwa ajili ya mwenye shamba.

Mtoto wa Gando

Kibokoni, hilo la ardhi sina la kulijibu ila kukuomba ulifungulie uzi wake, na mimi nitaleta upande wetu, maana eka tatu tatu walizogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi zina kesi zake na ziko mahakamani mpaka leo. Anza wewe na ile sheria ya 1908, na ukiweza uweke picha ya hati moja ya zamani, ufiche majina.